Mkunga Aliyezama kwa Sindano Yangu

Kwa miaka tisa niliamini, tena kwa kuapa, kwamba kuna mkunga mmoja wa vijiji vya ziwani aliyeandika sura ya mwisho ya kitabu chake akiwa ameshakufa. Simaanishi kwamba iliandikwa na mwanawe, au na karani aliyemwonea huruma. Yeye mwenyewe, kutoka chini ya maji. Nililisikia jambo hilo kwa kinyozi wa Ujiji, nikalisikia kwa muuza kahawa, nikalisikia kwa mama mmoja wa hapa Katubuka aliyeongeza kwamba karatasi zilikutwa ufukweni juu ya jiwe, zimekauka na kupangwa vizuri. Watu watatu hawawezi kukosea, nikasema. Tena mimi nilikuwa na ushahidi kuwazidi wote: kitabu chenyewe nilikuwa nimekisoma, na humo mkunga anaeleza alivyozama, hatua kwa hatua, mpaka kimya.

Nitafika huko. Niacheni kwanza nianzie mbali kidogo, maana nimestaafu mwezi uliopita baada ya miaka thelathini na minne ya kujalidi vitabu, na Hadija, niliyemwachia karakana, ameniambia niandike yote kwa ajili yake na vijana wenzake. "Andika, fundi, kabla hujasahau." Kana kwamba mimi nasahau! Nakumbuka kila kitabu nilichokishona, na vingine ambavyo sikuvishona.

Siku ya kwanza nilifika kwa Mzee Ruhwanya saa moja asubuhi, nimechomekea shati kama naenda kuapishwa. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye karakana: mtu mfupi, kipara, miwani yake imefungwa kwa uzi ule ule wa kushonea vitabu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwakeye," akanijibu, akachanganya na salamu ya Kiha chetu, akanionyesha kiti, akatoka kwenda kutafuta nta.

Jikoni kulikuwa na sufuria ya uji mweupe wa muhogo, mzito, unafuka moshi. Nikasema moyoni, ukarimu gani huu! Nikatafuta sukari, nikatia vijiko vinne, nikajimiminia kikombe. Nilikuwa nimefika nusu aliporudi.

"Unakunywa nini?"

"Uji, Mzee. Ahsante sana, umekaa vizuri."

"Hiyo ni gundi." Akanipokonya kikombe. "Mshukuru Mungu wako sijatia mrututu bado."

Mrututu, kwa ninyi mliozoea gundi ya chupa, ni ile chumvi ya bluu yenye sumu. Tulitia kidogo kwenye gundi ya muhogo ili mende na panya wasile migongo ya vitabu. Ningechelewa kufika dakika tano, kumbukumbu hizi mngesimuliwa na mtu mwingine. Kwa siku tatu tumbo langu lilikuwa limejalidiwa, na kwa miaka yote iliyofuata Mzee alinitambulisha kwa wateja hivi: "Huyu ni fundi wangu. Anaipenda kazi mpaka anainywa."

Vifaa vilikuwa vichache. Sindano nene, uzi uliopitishwa kwenye nta, msharasi wa kutobolea, ubavu wa mbuzi uliosuguliwa kwa kulainishia mikunjo, na kibanio cha mbao cha parafujo mbili kizito kama dhambi ya mtu mwingine. Majalada tulivalisha mabaki ya vitenge kutoka ng'ambo ya ziwa. Ndiyo maana ukiingia maktaba yoyote ya shule mkoani kwetu ukaona kitabu cha Kemia kimevaa tausi na maua mekundu kama kinakwenda harusini, ujue kimepita mikononi mwetu.

Wakati ule kusoma kwangu kulikuwa kwa kubahatisha. Niliacha shule darasa la nne. Hilo halikujulikana mpaka siku niliposhona kitabu cha Jiografia, nikakipamba, nikakikabidhi kwa tabasamu, na mwalimu mkuu alipokifungua akakuta Afrika imesimama kwa kichwa. Mzee Ruhwanya hakugomba. Alifunga karakana mapema, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka mwenyewe kujiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Tulikalia madawati ya darasa la kwanza, magoti yanagusa masikio. Nilisoma pale miaka saba, nikatoka na cheti cha kidato cha nne. Kiswahili nilikipiga mpaka msahihishaji, nasikia, alisimama. Na hisabati tuliachana kwa amani.

Tangu hapo nikawa msomaji, na msomaji wa namna yangu hamtamkuta kwingine. Gundi ya muhogo inachukua muda wa kurasa arobaini kukauka wakati wa jua. Wakati wa masika inachukua kitabu kizima. Basi mimi nilisoma kwa majira: kiangazi vipande, masika riwaya nzima nzima. Na kwa kuwa vitabu huja kwa fundi vikiwa vimechanika mwanzo na mwisho, nimesoma mamia ya hadithi kuanzia katikati. Nawajua watu wengi sana wa vitabuni ambao sijui walizaliwa wapi na sijui kama walikuja kuoa. Utazoea. Hata abiria unayekaa naye kwenye boti hukusimulia katikati tu, halafu anashuka.

Mzee hakupenda. "Umeajiriwa kushona, hukuajiriwa kulia," aliniambia siku aliponikuta na machozi juu ya kitabu cha mtu. Na alikuwa na amri moja aliyoirudia kila kitabu kilipofumuliwa mezani, kwa sauti ya muadhini: "Fuata namba, usifuate hadithi." Yaani panga karatasi kwa namba za kurasa, hata kama hadithi inakuambia vingine. Mtunzi anaweza kuruka miaka kumi akipenda. Fundi haruki hata ukurasa.

Nikaifuata amri hiyo miaka yote. Nilishona atlasi iliyoangukia ziwani ikavimba kama mkate. Nilishona kitabu cha nyimbo kilichotumika kama kitako cha sufuria, duara jeusi limekaa katikati ya kila sifa. Nilishona riwaya ya muuza dagaa ambayo nilipoianika nje paka wa kata nzima walihudhuria. Zote kwa namba. Mzee Ruhwanya alipofariki, kitandani kwake, ameshika mkono wangu, alikuwa na pumzi ya maneno machache, na nyote mnajua aliyatumia kusema nini.

Na miaka miwili baadaye nikaivunja.

Aliyeleta kazi ile alikuwa Mwalimu Leokadia, aliyehamishiwa huku kutoka Iringa na hajawahi kuondoka. Anaongoza kikundi cha wasomaji kinachokutana Jumamosi alasiri kwenye baraza ya karakana yetu. Aliletewa msaada wa boksi la vitabu, likawekwa chini sakafuni, na mchwa hawakungoja kuandikishwa uanachama. Vilinusurika viwili. Kimoja riwaya ya nahodha wa magendo ya vitenge, kingine kumbukumbu za mkunga aliyefanya kazi vijiji vya kaskazini, kule kusikofikika ila kwa boti. Vyote viwili vilipigwa taipu na kutolewa nakala kwa stensili, karatasi sawa, kimo sawa, vyote vinaanza "mimi" na kuendelea "mimi". Vilikuwa vimefumuka na kuchanganyika, na mchwa walikuwa wamekula ukingo wote wa chini. Namba zote zilikuwa tumboni mwao.

"Fundi, vishughulikie kama mayai," Mwalimu akaniambia. "Cha mkunga hakuna kingine. Nimeulizia kila mahali. Hiki kikiharibika, huyu mama amefutika."

Nikakaa siku mbili. Namba hakuna, kwa hiyo nikafanya nini? Nikafuata hadithi. Na jinsi nilivyojisifu! Karatasi moja ya mkunga iliishia hivi: yuko kwenye boti anakwenda kwa mzazi mwenye shida, upepo umeanza, "nikajifunika khanga yangu gubigubi, na". Nikatafuta, nikapata ukurasa unaoanza: "maji yakanifunika, nikasikia kelele za wenzangu zikififia". Kufunika kwa kufunika! Nikapiga meza kwa furaha. Maskini mama, akazama pale pale, na baada ya hapo kurasa sita za kuzama, za kutoa machozi. Kwa nahodha, ukurasa wake uliishia kwenye dhoruba, "nikaukaza usukani kwa mikono yote miwili, na", nikauunga na uliobaki: "usingizi ukanichukua. Nilipoamka tulikuwa tumefika, na wanawake wananisubiri ufukweni." Sawa kabisa. Mtu amechoka, amelala. Nikashona, nikavalisha kitenge cha bluu kimoja na cha njano kingine.

Sasa sikilizeni tulivyovisoma. Nahodha huyo, jambazi wa kutisha kwa sura kumi na moja, analala kwenye usukani, anaamka, anapokea mtoto mchanga, anaosha mikono, anaishi kwa wema miaka mingi, na mwisho anaagwa kazini kwa kupewa saa ya ukutani. Anawataja kwa majina wanawake wanne anaowashukuru kwa kumfundisha kila anachokijua.

"Fundi," Hadija akaniuliza Jumamosi ile, wakati huo ndiyo kwanza ameanza kazi, "mtu wa magendo anapewaje saa ya ukutani na manesi?"

"Ni toba hiyo, Hadija. Mtunzi mkubwa hakutafunii."

"Na hao wanawake wanne?"

"Wake zake. Soma vizuri."

"Mbona mmoja ana miaka themanini?"

"Hadija, fasihi si reli, kwamba lazima ipite palipolazwa chuma."

Nilizungumza juu ya toba ya nahodha yule kwa muda ambao mtu angepanda treni hapa akashuka Tabora. Mwalimu Leokadia alikuwa anakunja uso, lakini mimi nilikuwa na cheti na sauti. Na kumbukumbu za mkunga ndizo zilizonimaliza kabisa. Nilimsimulia kinyozi wangu wa Ujiji kwamba kuna mama kaandika kifo chake mwenyewe. Nilimsimulia muuza kahawa. Halafu baada ya miezi kadhaa habari ikanirudia, imenenepa, ina jiwe na karatasi zilizokauka, nami nikaipokea kama mgeni, nikasema, kumbe ni kweli!

Mambo yangebaki hivyo, lakini mwaka huu kikundi kikaamua kukichapa upya kitabu cha mkunga, nakala mia, kipatikane shule zote za mwambao. Kingekuwa kitabu changu cha mwisho kushona. Hadija alikuwa ameshaanza kupiga taipu, kuzama na kila kitu. Mwalimu akasema, "Bila idhini ya wafiwa hatuchapi hata ukurasa. Fundi, watafute." Jina lilikuwepo ndani ya kitabu, Bi Zubeda, na wakala mmoja wa boti akaniambia yuko mjukuu wake Kibirizi, anauza dagaa.

Nikavaa kanzu niliyoazima, nikachukua sukari kilo mbili ya msiba, nikaenda Kibirizi na uso wa huzuni niliouandaa tangu mtaa wa Mwanga. Dagaa walikuwa wametandazwa kwenye vichanja, na msichana mmoja wa kimo kirefu anawageuza. Pembeni yake, chini ya mwavuli, bibi mmoja ameketi kwenye kigoda anachambua.

"Natafuta familia ya marehemu Bi Zubeda mkunga," nikasema kwa sauti ya chini.

Msichana akasimama. "Marehemu yupi?"

"Yule aliyezama."

Bibi akainua uso. "Alizama lini?"

"Kitambo, mama. Shikamoo. Poleni sana."

"Marahaba. Na wewe alikuambia nani?"

"Alisema mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Kwenye kitabu, mama. Ameeleza vizuri sana."

Msichana akaachia ungo. "Bibi! Kumbe ulikufa na hukutuambia!" Akacheka mpaka wapagazi wakasogea kuuliza kuna nini, naye akawaambia mmoja mmoja. Mimi nimesimama na sukari yangu.

Bi Zubeda hakucheka sana. Alikuwa ameishi Mpanda kwa binti yake miaka yote ile, amerudi hivi karibuni, na nakala yake mwenyewe ilipotea katika kuhama. Alipoelewa kwamba kitabu kipo, aliweka chini dagaa, akafuta mikono.

"Mwanangu, na ile sura ya kuagwa? Ipo?"

"Ya kuagwa?"

"Walinipa saa ya ukutani. Humo nimewataja wakunga wanne wa kijijini walionifundisha kazi. Mimi nilikuja na cheti, sijui hata kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Wao walijua. Wote wamekufa, na hakuna mahali pengine walipoandikwa. Kitabu kizima nilikiandika kwa sababu ya sura ile."

Saa ya ukutani! Wanawake wanne! Miaka tisa nimewaozesha kwa mfanya magendo.

"Ipo, mama," nikasema. "Ipo salama. Ila imekaa kwa mtu mwingine."

Kesho yake alikuja karakana na mjukuu wake. Kazi yangu ya mwisho ikawa kufumua kazi yangu mwenyewe, mbele ya mwenye kitabu, Hadija amekaa upande wa pili na tabasamu ambalo nitamwomba Mungu amsamehe. Nilikata nyuzi, nikatoa kurasa za nahodha kwa mkunga na za mkunga kwa nahodha. Bi Zubeda alizipokea zake moja moja, anazinusa. Alipofika kwenye majina manne akayasoma kwa sauti: Mama Sikujua, Bi Kulthum, Nyabuzoya, Mama Tabu. Akayarudia. Mwalimu Leokadia akamwambia yatachapwa mara mia, na Hadija, bila kuambiwa, akazirarua kurasa sita za kuzama alizokuwa ameshazipiga taipu.

Basi tangu nistaafu nimevisoma vitabu vile viwili upya, kila kimoja na mwisho wake. Cha nahodha sasa ni riwaya ya kawaida, nzuri: jambazi anazama, anastahili, unafunga kitabu unakwenda kula. Cha mkunga nimekisoma mara tatu. Hakuna mahali pa kupiga meza. Anachemsha maji, anangoja, anapima, anakosea, Mama Tabu anamsahihisha, mtoto analia. Nimesoma riwaya nyingi zilizonitoa jasho, lakini hiki nikikifunga huwa natamani kuosha mikono. Ninyi vijana mtakaokishona, namba safari hii zimeandikwa juu na chini. Wazo la Hadija.

Lakini siku ile mezani bado nilikuwa na uchungu kidogo, nakiri. Ukijisifia tafsiri yako miaka tisa huiachi kama shati. Nilikuwa nimeshikilia ule ukurasa wa boti, unaoishia "nikajifunika khanga yangu gubigubi, na", na sikutaka kuuachia.

"Lakini mama," nikamwambia, "tuseme kweli. Upepo umeanza, ziwa lenyewe ni hili tunalolijua, boti ni ya mbao. Hata kama hukuzama, lazima kulikuwa na kitu. Labda boti ilielemea? Labda mlipiga kelele? Mtunzi yeyote angeweka japo wimbi moja."

Bi Zubeda alikuwa anakunywa chai. Aliitia sukari ile ile niliyompelekea ya msiba wake. Akaweka kikombe, akauchukua ukurasa mkononi mwangu, akaulaza juu ya ule wa pili, mahali pake.

"Hakukuwa na kitu, fundi," akasema. "Nililala njia nzima."